Pandit na topasi: kisa cha mchezo wa Ponga Pandit, Madhya Pradesh, 2003

Agosti 2003 kikundi cha Naya Theatre kilikuwa kinazunguka miji ya jimbo la Madhya Pradesh, katikati ya India, kikiwa na michezo miwili. Mmoja ulisimulia maisha ya Lahore baada ya India na Pakistan kugawanywa mwaka 1947. Mwingine ulikuwa kichekesho kifupi cha kijijini, cha watu wachache tu uwanjani, kiitwacho Ponga Pandit. Pandit ni kuhani wa Kihindu, mtu wa tabaka la Brahmini. Ponga ni kitu kilicho wazi ndani, na mtu akiitwa hivyo ameitwa bwege. Habib Tanvir, mwanzilishi na kiongozi wa kikundi, alikuwa amebakiza siku chache atimize miaka 80.

Gwalior, Hoshangabad, Vidisha. Kote huko Ponga Pandit ilipoanza, watu walisimama ukumbini wakapiga kelele, wakarusha vitu, wakataka mchezo uzimwe. Wengi wao walikuwa wafuasi wa vyama na makundi ya mrengo wa Kihindu, yakiwemo RSS na Bajrang Dal, majumuiya ya wazalendo wa Kihindu. Polisi waliwekwa milangoni. Kuna maonyesho yaliyoendelea huku viti vingi vikiwa vitupu kwa sababu watazamaji walikuwa wametishwa wakaondoka. Shtaka lilikuwa fupi: mchezo unautukana Uhindu, na anayetukana ni Mwislamu.

Jambo moja linakifanya kisa hiki kistahili kutazamwa kwa makini. Mchezo huu haukuandikwa na Tanvir. Ulitungwa vijijini Chhattisgarh katika miaka ya 1930 na waigizaji wa huko huko, Wahindu, na ukachezwa mbele ya Wahindu kwa muda wa miaka sitini hivi bila mtu kuvunja kiti. Kuhani alikuwa yule yule na topasi, yaani mfagizi wa vyoo, alikuwa yule yule. Sasa kitu gani kilibadilika?

Uwanja wa nacha

Chhattisgarh ni nchi ya mpunga. Hadi tarehe 1 Novemba 2000 ilikuwa sehemu ya Madhya Pradesh, kisha ikatengwa ikawa jimbo lenyewe, makao yake makuu Raipur. Maigizo yake ya kijijini huitwa nacha, neno linalotokana na kucheza ngoma, lakini mtu akidhani ni ngoma tu atakuwa amekosa nusu ya shughuli. Nacha huanza usiku, watu wakishakula, na huenda hadi alfajiri. Zamani mwanga ulikuwa wa mienge, ikaja karabai, baadaye umeme. Wanamuziki ni wachache, wana harmoniamu, tabla, na matoazi madogo ya mkononi. Zamani walipiga wakiwa wamesimama, ala zimefungwa kiunoni, wakizunguka uwanja pamoja na waigizaji. Baadaye wakakaa chini.

Watu wawili ndio roho ya usiku. Mmoja ni pari, mwanamume aliyevaa kike, anayeingia akiimba na kucheza huku ana chungu cha shaba kichwani. Watazamaji humtuza, na jina la aliyetuza hutajwa mbele za watu kama tunavyofanya sisi arusini. Wa pili ni jokkar, mchekeshaji. Kati ya wimbo na wimbo huingizwa vichekesho viitwavyo gammat, na humo ndimo tashtiti ilimokaa. Hakuna andiko. Waigizaji wanaujua mfupa wa kisa, nyama wanaitia papo hapo. Tajiri wa kijiji amefanya kituko juzi? Leo yumo. Mwigizaji wa nacha amezungukwa na watu pande tatu au nne, na hapangiwi asimame wapi. Huenda upande uliocheka. Kona ile ikiitikia, atageuka amalizie neno lake kule, kisha arudi.

Hapo ndipo Ponga Pandit ilipozaliwa. Sehemu nyingine ilijulikana kwa majina ya Jamadarin au Mehtarin, yote mawili yakimaanisha mwanamke mfagizi. Katika vikundi vilivyoibeba kilikuwemo kile cha Dau Dular Singh Mandaraji, wa kijiji cha Raweli karibu na Rajnandgaon. Mandaraji alikuwa mtoto wa wenye mashamba, na mali aliyorithi ameimalizia kwenye nacha. Kikundi chake kilikuwa na gammat za kukemea ndoa za wazee na watoto, nyingine ya kuhimiza Wahindu na Waislamu waishi pamoja, na hii ya kuhani na mfagizi.

Miaka yenyewe inasema kitu. Novemba 1933 Gandhi alipita Raipur na Durg katika ziara yake ndefu ya kupinga utengwaji wa watu walioitwa wasiogusika. Swali la nani aruhusiwe kuingia hekaluni na kuchota maji kwenye kisima cha wote lilikuwa linazungumzwa barazani. Kwa hiyo anayesema kwamba hiki kilikuwa kichekesho kisicho na siasa ndani, kikaja kutiwa siasa na watu wa mjini, amekosea. Siasa ilikuwemo tangu siku ya kwanza, na ilikuwa siasa ya moto.

Mkono na hela

Mfagizi anayetajwa hapa hafagii uwanja tu. Ni mtu wa tabaka ambalo kwa karne nyingi lililazimishwa kuzoa kinyesi cha wengine. Kiswahili kina neno lake kamili, topasi, nalo huhesabiwa kuwa limetoka Kihindi. Neno jamadarin nalo lina ndugu yake kwetu. Ni umbo la kike la jamadar, neno lile lile lililokuja pwani na askari wa masultani likawa jemadari. Huku kwetu jemadari aliendelea kuongoza jeshi. Kule India cheo hicho walipewa pia wafagizi, ili kuepuka kuwataja kwa jina la tabaka lao. Wakapata jina la kikamanda, kazi ikabaki ile ile.

Kwa kuwa mchezo hauna andiko la tangu zamani, maneno hubadilika kila usiku. Mfupa ndio unaobaki. Yupo kuhani mwenye tamaa na hofu ya najisi, na yupo mwanamke mfagizi mwenye akili kumshinda. Utani wote umesimama juu ya vitu viwili: mkono na hela. Mkono wa mfagizi ukimgusa, pandit amenajisika. Hela iliyotoka katika mkono huo huo haimnajisi hata kidogo.

Tazama mwigizaji anavyopata kazi nyepesi kutokana na hilo. Hahitaji hotuba. Hahitaji hata kuitaja dini. Anachohitaji ni mwili unaorudi nyuma na jicho linalobaki mbele. Mgongo umepinda kuukwepa mkono wa yule mama, shingo imenyooka kuifuata sarafu. Mtu yeyote aliyekaa chini pale, hata mtoto aliyelala mapajani kwa bibi yake akaamka katikati, ataelewa. Akishacheka amekwisha kukubali hoja, kwa sababu huwezi kukicheka kitendo hicho bila kuona kwamba sheria ya unajisi ina tundu, na tundu hilo ukubwa wake ni wa sarafu.

Ndiyo maana naona mchezo huu ni kazi ya ufundi mkubwa, wala si kichekesho cha kupitisha usiku. Tashtiti nyingi za kisiasa humpiga mtu: waziri fulani, tajiri fulani. Akiondoka madarakani, utani umekwisha. Hii inaupiga mpango wenyewe, na inaupiga kwa hesabu zake. Pandit hashutumiwi kwa kuwa Brahmini. Anaachiwa afuate kanuni yake mwenyewe hadi imwaibishe.

Kuna jambo jingine la kupima hapa. Mtu wa kwetu akisikia kwamba watu wa chini walimcheka mkubwa hadharani na asikasirike, atasema haraka: ah, huo ni utani. Mimi pia nilifikiri hivyo mwanzoni. Lakini utani wetu ni deni la pande mbili. Mtani wako akikudhihaki msibani leo, kesho wewe una haki ya kwenda kwake ukamrudishia, na mizani inabaki sawa. Kati ya Brahmini na topasi hapakuwa na mizani ya namna hiyo. Asubuhi baada ya nacha, yule mwigizaji wa tabaka la chini hakuweza kwenda kuchota maji penye kisima cha aliyemcheka. Ruhusa ya nacha ilikuwa na mpaka wa usiku na mpaka wa uwanja. Wakubwa waliivumilia kwa sababu waliamini haitatoka nje ya mipaka hiyo. Ikaja kutoka.

Aliyeitoa nje

Habib Tanvir alizaliwa Raipur mwaka 1923. Alikwenda Bombay mwaka 1945, akafanya kazi ya redio na filamu, akaingia katika vuguvugu la sanaa la watu wa mrengo wa kushoto. Kisha akahamia Delhi, ambako mwaka 1954 aliandaa Agra Bazar, mchezo uliowachanganya wanafunzi na watu wa kijiji cha Okhla. Katikati ya miaka ya 1950 alisoma maigizo Uingereza, halafu akaenda Berlin kumtafuta Brecht, mwandishi wa maigizo wa Kijerumani. Brecht alikuwa amefariki majuma machache kabla hajafika. Tanvir akabaki Berlin kwa miezi minane hivi akiitazama michezo yake.

Aliporudi India mwaka 1958 alikwenda kwao, akakesha kwenye nacha, na akaondoka na waigizaji sita kwenda nao Delhi. Mwaka uliofuata yeye na Moneeka Misra, ambaye walikuja kuoana, wakaanzisha Naya Theatre.

Miaka ya kwanza ilikuwa migumu, na Tanvir mwenyewe hakuificha sababu. Watu waliokuwa simba kijijini walipofika kwenye mazoezi yake walinywea. Alikuwa anawataka waseme Kihindi cha kitabuni badala ya Kichhattisgarhi, lugha ya nyumbani kwao. Alikuwa pia anawapangia hatua: hapa geuka, pale simama. Mtu kama Thakur Ram, mmoja wa wakali wa nacha, hakusoma shule, na mwili wake ulikuwa umezoea kufuata watazamaji. Umwambie kabla ya wakati mguu gani utangulie, umemfunga kamba. Ilimchukua Tanvir zaidi ya miaka kumi kuliona kosa lake. Mapema miaka ya 1970 aliwaacha waseme lugha yao na wasimame wanapotaka, na hapo ndipo Naya Theatre iliyojulikana duniani ilipoanza. Charandas Chor, kisa cha mwizi aliyeapa kusema kweli akafia kiapo chake, ilitoka mwaka 1975 na mwaka 1982 ikapata tuzo Edinburgh.

Waigizaji hao hawakuja mikono mitupu. Walikuja na hazina yao ya gammat, na Ponga Pandit ilikuwemo. Kikundi kiliicheza kwa miaka, mara nyingi ikifuatana na mchezo mrefu zaidi. Tanvir aliipenda, akaisafisha pembe, akaipa nafasi mjini. Zaidi ya hapo hakudai.

Kilichobadilika

Tarehe 6 Desemba 1992 umati wa Wahindu wenye msimamo mkali uliubomoa msikiti wa Babri huko Ayodhya. Ni baada ya siku hiyo Ponga Pandit ilipoanza kuzomewa. Katika miaka ya kabla yake mchezo ulikuwa umeonyeshwa mijini mara nyingi kwa amani, kwa hiyo kuhama kutoka kijijini kwenda ukumbini peke yake hakuelezi vurugu. Lakini kulisaidia. Ukumbini mtazamaji amekaa gizani, kiti chake kina namba, uso wake umeelekezwa mbele. Kijijini anayechekwa yumo uwanjani pamoja na wanaomcheka, anawajua kwa majina, na mwigizaji anaweza kumlainisha papo hapo akiona uso umebadilika. Jukwaani pandit haonekani tena kuwa kuhani wetu wa pale mtaani mwenye tumbo. Anaanza kuonekana kama mfano wa makuhani wote.

La pili ni jina. Kwa wenye hasira, mchezo ulikuwa umepata mwandishi, na mwandishi anaitwa Habib. Tanvir alieleza mara nyingi kwamba kichekesho hicho ni cha jadi, kimechezwa kwa miongo mingi kabla yake, na kwamba wanaokicheza ni Wahindu. Ni kweli tupu, na haikumsaidia. Naliona hili kuwa ndilo lililobeba uzito mkubwa kuliko yote. Neno linalosemwa na mtu wa ndani ni kujikosoa, na neno hilo hilo likisikika limetoka kwa mtu anayehesabiwa wa nje linageuka tusi. Na Tanvir alihesabiwa wa nje katika nchi yake mwenyewe ya kuzaliwa, baada ya miaka zaidi ya arobaini ya kula sahani moja na wale waigizaji.

La tatu ni wakati, na hapa sitaki kumkwepesha Tanvir. Mwaka 2003 Madhya Pradesh ilikuwa inaelekea kwenye uchaguzi wa jimbo. Serikali ilikuwa ya chama cha Congress chini ya Digvijay Singh, na mpinzani wake mkuu alikuwa Uma Bharti wa BJP, chama kikuu cha mrengo wa Kihindu, mmoja wa wanasiasa waliojipatia jina katika harakati za Ayodhya. Ziara ile ilikuwa na ufadhili wa serikali ya jimbo. Uchaguzi ulifanyika mwanzoni mwa Desemba, Congress ikaanguka, Uma Bharti akawa waziri mkuu wa jimbo.

Kijijini nacha hulipwa na mwenye shughuli au na kijiji chenyewe, na hela ndogo ndogo za tuzo hutoka mifukoni mwa watazamaji. Mlipaji na mchekwaji wanaweza kuwa mtu mmoja. Hela ilipotoka serikalini, miezi michache kabla ya kura, wapinzani wa serikali walipata kisingizio walichokuwa wanakitafuta: huu si usanii, hii ni kampeni. Siamini kwamba Tanvir alikuwa anampigia mtu kampeni. Alikuwa mtu wa msimamo wa kushoto maisha yake yote, na mambo aliyoyasema mwaka huo alikuwa ameyasema tangu miaka ya 1940. Lakini tashtiti ya watu wa chini ina nguvu kwa sababu haina mfadhili mkubwa nyuma yake. Kuingia nayo katika miji ile kwa mlango wa serikali kulimpa mshambuliaji silaha ya bure. Kama ningekuwa na neno katika maandalizi ya ziara ile, ningeomba Ponga Pandit ichezwe kwenye viwanja, kwa michango, vumbini, mbele ya watu wanaoujua mchezo tangu kwa babu zao.

Je, aliposhambuliwa angeacha? Hakuacha, na hapo namuunga mkono moja kwa moja. Kikundi kiliendelea na ziara, na miaka iliyofuata kikaendelea kuicheza Ponga Pandit. Kuiondoa mwezi ule kungekuwa ni kukubali kwamba mfagizi anaruhusiwa kumcheka kuhani mradi tu kuhani asisikie.

Sheria nayo itajwe, kwa sababu India ina historia ndefu ya kufungia majukwaa. Mwaka 1876 wakoloni wa Kiingereza walitunga Sheria ya Maonyesho ya Maigizo baada ya jumba moja la Calcutta kuchekesha watu juu ya wakili aliyemkaribisha Mwana wa Mfalme wa Uingereza hadi kwenye vyumba vya wanawake wa nyumbani kwake. Sheria hiyo ilibaki vitabuni baada ya uhuru, na haikufutwa rasmi hadi mwaka 2018. Kilikuwepo pia kifungu cha 295A cha kanuni ya adhabu, cha mwaka 1927, kilichoadhibu kuudhi hisia za kidini kwa makusudi. Lakini waliouvuruga mchezo mwaka 2003 hawakusubiri hakimu. Mkoloni alihitaji karatasi, saini na muhuri. Hawa walihitaji watu thelathini wenye sauti, na mkuu wa ukumbi mwenye hofu.

Upande mwingine wa sheria unanigusa zaidi. Ibara ya 17 ya katiba ya India, iliyoanza kutumika mwaka 1950, imeufuta utengwaji na kuufanya kosa. Mwaka 1993, miezi michache tu baada ya Ayodhya, bunge lilipiga marufuku kazi ya kuzoa kinyesi kwa mikono. Mwaka 2013 ikabidi litunge sheria nyingine juu ya jambo lile lile, maana ya kwanza haikuwa imeimaliza kazi hiyo. Kwa hiyo katika kumbi za Gwalior na Vidisha palikuwa na malalamiko juu ya heshima ya kuhani wa maigizo, wakati katika miji hiyo hiyo walikuwepo wanawake halisi ambao mchezo ulikuwa unawasemea. Sijui kwa nini hili halikuwa ndiyo habari yenyewe.

Walioachwa nje ya ugomvi

Tukirudi kwa waigizaji, tunafika kwenye kidonda. Ugomvi wote ulimzunguka Tanvir. Waliomshambulia walimtaja yeye, na waliomtetea, wasomi na wasanii wa Delhi na Bhopal, walimtetea yeye na haki yake ya kusema. Utetezi huo ulikuwa wa haki. Lakini ndani yake mlikuwa na hasara. Tanvir alipojibu kwamba mchezo si wake, ni wa jadi, watu wengi walisikia kwamba mchezo si wa mtu yeyote. Neno jadi lina tabia hiyo: linamfuta mtunzi. Waliotunga Ponga Pandit walikuwa watu wenye miili na majina, walioishi chini ya sheria ile ile ya unajisi waliyoigeuza kichekesho. Warithi wao walikuwa pale jukwaani, wamesimama mbele ya vitu vinavyorushwa. Wao ndio waliokuwa na haki ya kwanza ya kuulizwa: mlikusudia nini, baba zenu walikusudia nini, na kijijini kwenu pandit anasemaje?

Kuna tukio la baadaye linalonizuia nisiigawanye dunia katika wema wa chini na waovu wa juu. Tanvir alifariki Bhopal tarehe 8 Juni 2009. Miezi miwili hivi baadaye, serikali ya Chhattisgarh, safari hii ya BJP, ilikipiga marufuku kitabu cha Charandas Chor. Waliolalamika hawakuwa Mabrahmini. Walikuwa viongozi wa Wasatnami, jumuiya iliyoanzishwa na Guru Ghasidas katika karne ya 19 kati ya watu wa tabaka la chini kabisa, ambao ngoma yao ya panthi ndiyo iliyoupa mchezo huo mapigo yake. Walisema kitabu kimewaonyesha vibaya. Naona marufuku ile ilikuwa makosa, lakini lalamiko lenyewe nalisikiliza kwa sikio tofauti na lile la Vidisha. Mtu ambaye wimbo wake umezunguka dunia nzima, na yeye amebaki pale pale alipokuwa, ana haki ya kuuliza umemrudishia nini. Brahmini wa Ponga Pandit hakuwa amekopwa kitu.

Govind Ram Nirmalkar alikuwa mtu wa nacha tangu ujanani na nguzo mojawapo ya Naya Theatre. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa mwizi Charandas. Mwaka 2009, ule ule aliofariki Tanvir na kitabu kupigwa marufuku, serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Shri. Wakati huo alikuwa ameshapooza upande mmoja na ameacha jukwaa. Alifariki mwaka 2014 akiwa maskini, na nishani yake nyumbani.